Matanga ya Aliye Hai

Mbinya alikuwa na miezi mitano tu kazini alipomuua bibi yake kwa mdomo. Ilikuwa Jumatano, saa nne za asubuhi, kwenye veranda ya zahanati ya Kidzumbani, kijiji kidogo kilichojikalia nyuma ya minazi, mbele kidogo ya Jego. Bibi mwenyewe, Munee, saa hiyo alikuwa kwao Shimba Hills, mzima, anapalilia mihogo na kugombana na kuku.

Msimhukumu kabla hamjasikia.

Mbinya alizaliwa huko huko Shimba Hills, kwenye mashamba waliyogawiwa Wakamba zamani, wakati babu yake alipoteremka kutoka Ukambani na panga moja na jembe moja. Uuguzi aliutaka tangu utotoni. Chuoni alifundishwa vizuri, kwenye wadi zenye wauguzi sita na daktari wa kuulizwa, akajifunza kuzalisha kwanza kwa mwanasesere wa mpira, kisha kwa wanawake wa kweli huku mwalimu amesimama begani pake. Halafu akapangiwa Kidzumbani, na Kidzumbani walikuwa wawili tu: yeye na Kibwana.

Kibwana alikuwa tabibu, mtu wa Faza, kule mbali visiwani kaskazini, mnyamapole, mwenye ndevu zilizoanza mvi upande mmoja tu. Watu walimwita Daktari na hakuna aliyemwomba cheti. Yeye alitibu wagonjwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Mbinya: wajawazito, waliojifungua, chanjo za watoto, vidonda, kupima uzito, kugawa dawa, kujaza madaftari manane, na kupiga deki siku ambayo mama wa usafi hakuja. Alidhani uuguzi ni kuponya watu. Akakuta nusu ya kazi ni kusema hakuna. Hakuna glavu, hakuna dawa ya shinikizo, hakuna gari, njoo Jumatatu. Na Jumatatu anakuja yule yule, ametembea kutoka kule kule, na jibu ni lile lile.

Wenyeji wa kijiji walimtania wiki za mwanzo. Mama mmoja, uchungu umemshika barabara, alimtazama kutoka juu mpaka chini akamuuliza, "Wewe mtoto, umezaa?"

"Bado, mama."

"Basi utanizalishaje? Kwa kusoma?"

Alimzalisha, na mtoto akalia, na yule mama akasema haya, si vibaya kwa mtu wa kusoma. Siku kama hizo zilimbeba Mbinya. Akawa anampigia simu bibi yake jioni kumsimulia, wanacheka.

Kisha likaja la Mejumaa.

Mejumaa alikuwa mke wa Abdulwahab, mkaanga mahamri pale njia panda, mwanamke wa maneno machache. Mimba yake ilikuwa ya kwanza. Alifika saa sita mchana, na uchungu ulikuwa umemwanza tangu jana yake. Siku hiyo Kibwana alikuwa ameitwa mkutanoni Kwale. Mbinya alikuwa peke yake. Alipopima aliona mambo hayaendi, akapiga simu kuomba gari. Akaambiwa liko njiani. Akapiga tena. Liko njiani. Mtoto alitoka kabla ya gari, wa kiume, mzito, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, na hakupumua. Mbinya alimpulizia hewa kwa mfuko ule wa mpira dakika arubaini, mpaka vidole vikafa ganzi, machozi yanamdondokea mtoto kifuani. Gari lilipofika hapakuwa na wa kubebwa.

Mejumaa hakulia. Aliteremka kitandani akaketi sakafuni juu ya leso, mgongo ukutani, na Mbinya kwa kuwa hakujua la kufanya aliketi pembeni yake. Wakakaa hivyo. Baadaye akaja Abdulwahab, akapokea kile kifurushi kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Sista." Lile ahsante lilimuuma Mbinya kuliko tusi.

Baada ya hapo Mejumaa hakukanyaga tena zahanati. Wakikutana njiani huinamisha macho akapita. Mbinya akajiambia, ananilaumu, na wenzake wote wananilaumu, ila wana adabu. Usingizi ukapotea. Akisikia mwanamke anaguna nje ya mlango, mikono inaanza kutetemeka kabla hajajua kama ni uchungu au ni mtu kajikwaa tu. Jioni akaacha kumpigia bibi yake simu, maana hakuwa na la kuchekesha.

Akamwendea Kibwana akamwambia anataka likizo.

"Ni haki yako, mwanangu," Kibwana akasema. "Lakini nivumilie. Ijumaa ijayo namwoza binti yangu, na walii wa kumwozesha ni mimi. Natoka Alhamisi kwenda Faza, nakaa siku kumi. Nikirudi, nawe uende ukalale mpaka uchoke kulala."

"Kwa hiyo siku kumi hizo niko peke yangu?"

Kibwana akatazama karatasi zake. "Utaweza. Umeshakuwa mkongwe hapa."

Mbinya akaenda kufungua daftari la wajawazito. Watatu walikuwa wanatarajia kujifungua ndani ya siku zile kumi. Jumanne mmoja wao akaja kupimwa, hana neno, miguu imevimba kidogo tu. Mbinya alipomwekea mkono tumboni, mtoto akapiga teke, na yeye akaondoa mkono kana kwamba ameungua. Usiku ule ndipo alipoyapanga.

Ruhusa ya msiba haikataliwi popote. Hilo alilijua. Na alipiga hesabu yake ya Kikamba. Kwao mtu akifa hukaa chumba cha maiti wiki, pengine mbili. Kuna vikao, kuna kwaya, kuna picha za kuchapisha, na wageni hungoja kutangaziwa siku ya mazishi. Mpaka mtu wa Kidzumbani aulize mazishi ni lini, yeye atakuwa amesharudi na kusema tulizika. Kuhusu Kibwana, alijiambia ofisini Kwale wataleta mtu, na mzee atasafiri kama kawaida. Hakumuuliza. Ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba hakumuuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Daktari, nimepigiwa simu ya nyumbani. Bibi amefariki."

Kibwana aliweka kalamu chini. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Huyu ni mzaa baba? Yule uliyesema alikulea?"

"Ndiye."

"Nenda, mwanangu. Usikae hapa hata dakika."

"Na safari yako?"

"Hilo niachie mimi. Nenda kwa wazazi wako."

Akaenda. Nyumbani alisema amepewa likizo, na kila mtu alifurahi. Alilala Jumatano hiyo jua likiwa juu, akaamka Alhamisi mchana. Munee alimwekea muthokoi, ile pure ya mahindi na maharagwe, bakuli la mtu mzima mwanamume.

"Kula. Umekuwa kama mpini wa jembe. Hao Wadigo hawana chakula?"

"Wanacho, Susu."

"Basi wanakificha ukija."

Wakamba humwita bibi Susu. Mbinya alikula, akaketi miguuni pa Susu wake akasukwa nywele kama mtoto, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alisikia mabega yake yanashuka. Alitaka kumwambia habari ya mtoto wa Mejumaa. Neno likifika kooni linagongana na lile jingine, kwamba mikono inayomsuka ni ya maiti. Akainamisha kichwa asukwe. Ijumaa mchana alimkumbuka Kibwana, akawazia wamo msikitini sasa, wanakula halua. Akajilazimisha kuamini hivyo.

Sasa, watu wa pwani hawazikani kwa kalenda. Afaye Jumatano huzikwa siku hiyo, au kesho yake asubuhi. Matanga huwa siku tatu, na ambaye siku ya tatu imempita hajatia mguu kwa mfiwa, hana uso wa kukutana naye tena. Kidzumbani walihesabu: Jumatano amekufa, Alhamisi wamezika, Jumamosi twendeni kwa Sista wetu. Kwao walipajua, kwa kuwa katika zile wiki za utani Mbinya mwenyewe aliwaelekeza mpaka mti wa mfenesi ulio langoni.

Jumamosi saa tatu asubuhi lori dogo la nazi likapanda kilima likisaga gia, likasimama langoni. Wakateremka wanawake kama ishirini, mabuibui na leso, wakashusha sufuria, gunia la mchele, nazi, na kuni, maana waliogopa kufika kwa mfiwa wakamtaka kuni. Mbele yao alikuwa Mzee Matano, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu wa mzaha ambaye siku hiyo alivaa kanzu na uso wa huzuni.

Munee alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapukuchua mbaazi.

"Shikamoo, bibi," Matano akasema.

"Marahaba. Karibuni. Mnauza nazi?"

"La, bibi. Tumekuja kuwapa pole."

"Pole ya nini?"

Matano akageuka kwa wenzake akanong'ona, "Nyamazeni. Huyu mzee hajaambiwa. Labda ni ndugu yake." Wote wakameza maneno yao, wakasimama pale wakimtazama Munee kwa huruma, naye akiwatazama kwa mshangao, mbaazi zimebaki kiganjani.

Mbinya akatoka ndani na mswaki mdomoni.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Mejumaa. Alimkumbatia, povu la dawa ya meno likampaka begani, akaanza kulia. Kilio chote ambacho hakukitoa siku ile kilimtoka pale, kikamtikisa yeye na kumtikisa Mbinya.

"Siku ile mimi nilishindwa kulia," alisema alipopata pumzi. "Wewe ukanililia mwanangu kama wako. Ukaketi nami chini. Njiani nikikuona naona haya, naona nina macho makavu na mgeni ndiye aliyenililia. Nikasema sasa zamu yangu. Lia, dada. Lia tu, niko hapa."

Na Mbinya akalia kweli, lakini si kwa alilodhani Mejumaa.

Baba yake, Mulwa, mzee wa kanisa, akatokea shambani na jembe begani. Matano akamwendea akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, pole. Sisi taratibu zenu hatuzijui, lakini tumesema tuje tukae nanyi. Tuonyesheni kaburi tukasimame kidogo, kisha kina mama waingie jikoni. Msihangaike na kitu."

"Kaburi la nani?" Mulwa akauliza.

Matano akamtupia jicho yule bibi kwenye kigoda, akainamisha sauti. "La mamako."

Mulwa hakuitazama sura ya Matano. Alitazama kigoda. Wanawake nao wakatazama kigoda.

"Mama yake ni mimi," Munee akasema. "Hana mwingine wa akiba."

Munee hakuwa mjinga. Alimtazama mjukuu wake mara moja, akaona alivyosimama, akaelewa yote. Akamwambia kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeomba chumvi, "Nina dada yangu kule Kitui, miaka hatujaonana. Ukitaka awe ndiye, nitalia sasa hivi."

Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kuitikia tu. Lakini mkono wa Mejumaa ulikuwa bado umeshika wake, umelowa machozi.

"Hakuna aliyekufa," Mbinya akasema. "Nilidanganya. Nilitaka kupumzika."

Mwanamke mmoja alicheka, akadhani ni mzaha, akaacha katikati. Matano alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Na Daktari?" Mbinya akauliza. "Hakusafiri?"

"Asafiri amwachie nani ufunguo?" Matano akasema. Hakuwa na ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ofisini walimwambia hawana mtu. Jana ameozesha kwa simu. Alimfanya nduguye wakili wake kule Faza. Yeye akapanda juu pale penye tangi la maji kutafuta mtandao, na kanzu yake ya harusi, asikie tu bwana harusi akiitika. Mtandao ukakatika. Akakaa kule juu na simu sikioni, nasi chini tunamwambia, teremka Daktari, wameshakula wali."

Mejumaa aliutoa mkono wake. Hakuupokonya, aliutoa taratibu, kidole kwa kidole.

"Ungesema umechoka," alisema. "Kuna nani kwetu asiyejua kuchoka?"

"Ningemwambia nani?"

"Mimi."

Akatembea mpaka kwenye lori, akapanda, akaketi na kutazama upande wa barabara.

Munee akaweka mbaazi chini. Alisema watu wametoka na mchele tangu Jego, na yeye hajala, basi washeni moto. Wakawasha. Wakapika, wakala, Mulwa akaomba sala fupi isiyotaja sababu. Mejumaa alipelekewa sahani kwenye lori, ikarudi ilivyo. Walipoondoka, Mbinya alipanda nao. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemkataza. Alisimama nyuma kabisa, ameshika chuma, mpaka Kidzumbani.

Kibwana alikuwa anafunga kidonda cha mguu cha mzee mmoja. Alipomwona alisema, "Umewahi kurudi. Mmezika?"

"Hajafa, Daktari. Sikufiwa."

Aliendelea kuzungusha bendeji mpaka ikaisha, akaifunga fundo, akamsaidia yule mzee kuteremka. Kisha akanawa mikono muda mrefu.

"Mikono yako niliiona inatetemeka," akasema akiwa amempa mgongo. "Wiki mbili naiona. Nikajifanya sioni, maana ningeona nisingekwenda kumwoza mwanangu. Wewe umenidanganya siku moja, Mbinya. Mimi nilikudanganya wiki mbili, nikakuita mkongwe." Akajifuta. "Lakini ungeniambia. Tungemwomba walau yule sista mstaafu wa Vanga aje akae nawe. Ningelimpigia. Angelikuja."

Hakusema zaidi, si siku hiyo wala siku nyingine. Jumapili alfajiri alisafiri kwenda kumwona bibi harusi kabla hajamaliza fungate, na kabla ya kuondoka alimpigia yule mstaafu, akaja. Wale wajawazito watatu walijifungua salama, mmoja baada ya mwingine, na watoto wote walilia. Kibwana aliporudi alimwandikia Mbinya likizo yake kamili. Akaenda, akalala, akarudi na mikono iliyotulia.

Kijiji hakikumfanya neno. Wanakuja, wanasalimia, wananyoosha mkono wapigwe sindano. Wanamwita Sista kama zamani. Ila hawamtanii tena, na mtu akifiwa pale Kidzumbani, Mbinya hupata habari siku ya nne.

Munee alikufa mwezi wa kumi, usingizini, bila kusumbua mtu. Simu ilimfikia Mbinya anapima watoto uzito. Alimteremsha yule aliyekuwa kwenye mizani, akaandika kilo zake, akamrudishia mama yake. Akapima waliobaki. Siku nane alifanya kazi hivyo, jioni anazungumza na baba yake kwenye simu habari za jeneza na kwaya. Siku ya tisa akaingia kwa Kibwana.

"Daktari, naomba siku tatu. Nina shughuli nyumbani."

"Shughuli gani?"

"Ya familia tu."

Kibwana alimtazama. Mbinya akatazama ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, safari hii la kweli, na halikutoka. Kibwana akaandika siku tatu.

Walimzika Susu kwenye kona ya shamba la mihogo. Kwaya iliimba, majirani wakajaa, Mulwa akalia kama mtoto. Na Mbinya, kila gari lilipopanda kile kilima likisaga gia, aligeuza kichwa. Lilikuwa la mkaa. Lilikuwa la mchungaji. Likapita jingine halikusimama.

Wiki iliyofuata alikuwa kazini. Asubuhi ya kliniki mlango ukafunguliwa akaingia Mejumaa, miezi mitano ya mimba, kitabu chake cha kliniki mkononi, mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu siku ile. Akaketi. Akanyoosha mkono upimwe shinikizo. Mbinya akamfunga kitambaa cha kipimo, akaminya hewa ikaingia na kutoka.

"Hujambo, Sista?"

"Sijambo, Mejumaa. Karibu."

"Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

Mejumaa akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejaribu kufungua dirisha lililokwama. "Na yule bibi yetu wa mbaazi?"

Mbinya aliangalia namba kwenye kipimo, akaziandika, na hakuinua uso.

"Hajambo," akasema. "Anawasalimu."